Kadi ya bima, barua mbili na bili ya 640,000: kisa cha familia moja ya Nakuru

Kisa hiki kimeandikwa kwa ruhusa ya familia yenyewe. Majina si yao, na mtaa, shule, hospitali na kampuni ya bima vimeachwa bila kutajwa. Niliwahi kufanya kazi kwenye dawati la bima la hospitali ya kibinafsi, na sasa nasaidia vyama na shule ndogo za hapa Nakuru kusoma mikataba kabla ya kutia sahihi. Swali ninaloulizwa karibu kila mara ni lile lile: hizi kampuni za bima ya afya zinatusaidia kweli, au tunazilisha tu? Kisa cha Baba Neema kinaonyesha kwamba msaada upo, tena mkubwa. Kinaonyesha pia mahali hasa unapokatikia, na kwamba mtu anayeuziwa bima haonyeshwi mahali hapo.

Familia na bima waliyonunua

Baba Neema ana miaka 46. Anauza vipuri vya pikipiki mjini. Mama Neema ni mwalimu katika shule ya msingi ya kibinafsi, mshahara wake ni shilingi 38,000 kabla ya makato. Wana watoto watatu.

Kama mwajiriwa yeyote Kenya, Mama Neema anakatwa 2.75% ya mshahara kwenda SHA, mamlaka ya bima ya afya ya umma iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwake yeye ni shilingi 1,045 kila mwezi. Baba Neema amejiajiri. Alijisajili, akaambiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo, akasema atarudi duka likichangamka. Hakurudi. Na hakuna aliyewaeleza kwamba mume anaweza kuandikwa kama mtegemezi chini ya mchango wa mkewe, hivyo kwa miezi kadhaa Mama Neema alikatwa pesa huku jina la mumewe halimo.

Novemba 2024 wakala mmoja wanayesali naye kanisa moja aliwaletea bima ya kibinafsi. Upande wa kulazwa ulikuwa na kikomo cha 1,000,000 kwa familia nzima, ada 48,000. Upande wa matibabu ya nje ulikuwa na kikomo cha 100,000, ada 52,000. Juu ya hapo kukaja ushuru wa mafunzo wa 0.2%, mchango wa mfuko wa fidia ya wenye bima wa 0.25%, na stempu ya shilingi 40. Jumla 100,490 kwa mwaka. Zamu ya Mama Neema kwenye chama ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya pesa hizo.

Nakala ya fomu yao nimeishika mkononi. Ukurasa wa pili una jedwali la maswali ya afya lenye safu mbili, ndiyo na hapana, na nafasi ya kila mtu wa familia. Alama zote ziko upande wa hapana. Zimetiwa kwa kalamu moja, zote zimeinama upande mmoja, na kufikia mistari ya chini zimegusana hadi zinaonekana kama mstari mmoja ulioshuka. Mojawapo ya maswali ni kama kuna anayevaa miwani. Mama Neema amevaa miwani tangu chuo cha ualimu, na kwenye fomu hiyo hiyo imebandikwa picha yake akiwa ameivaa.

Swali la presha lilikuwa mistari miwili juu ya hilo. Miaka mitatu kabla, Baba Neema alipimwa kwenye kliniki moja akaambiwa presha yake iko juu, akapewa dawa. Alizimeza kwa miezi michache, akajisikia sawa, akaziacha. Alimwambia wakala hivyo. Wakala akamjibu, kama familia inavyokumbuka: "Mzee, tukiandika hiyo watakuitisha vipimo na ada itapanda. Kwani sasa unaumwa? Hauumwi. Tuendelee." Baba Neema akatia sahihi.

Hakuwa peke yake katika hali hiyo. Utafiti wa kitaifa wa STEPS wa 2015 uliona kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne Kenya ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa. Kampuni ikiweka swali la presha kwenye fomu inajua hivyo, na wakala anayelipwa kamisheni bima inapouzwa anajua pia kwamba jibu la ndiyo linaweza kuiharibu siku yake.

Usiku wa kwanza

Mei 2025, mwendo wa saa tatu usiku, Baba Neema alikuwa anafunga duka. Kijana wake wa kazi alimsikia akiita kufuli kwa jina lisiloeleweka, kisha mkono wa kulia ukalegea na funguo zikaanguka. Kijana hakumpeleka nyumbani kupumzika, na hapo ndipo maisha yalipoanza kuokolewa. Alisimamisha teksi, akampigia Mama Neema wakiwa njiani, wakakutana kwenye lango la hospitali ya kibinafsi iliyo karibu zaidi.

Dawatini waliulizwa watalipaje. Dipositi, yaani malipo ya awali, ya ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) ilikuwa 100,000. Ibara ya 43 ya Katiba, kifungu cha pili, inasema mtu asinyimwe matibabu ya dharura, na kwa kweli daktari alikuwa tayari ameanza kumshughulikia. Lakini kati ya kushughulikiwa na kupelekwa chumba cha skani kuna mlango ambao pesa ndiyo huufungua haraka, na kila aliyewahi kufanya kazi hospitalini anaujua.

Mama Neema akatoa kadi ya bima. Karani akataka alama ya kidole cha mgonjwa, na kidole kilichosajiliwa kilikuwa gumba la mkono wa kulia, ule uliolegea. Muuguzi aliufuta kwa pamba yenye spiriti, akaubeba kwa mikono yake miwili kama mtu anayebeba kitu cha udongo, akalibonyeza gumba kwenye mashine. Mara ya kwanza ilikataa. Mara ya pili ikasoma, na ujumbe wa kukubali ukaingia kwenye simu ya Mama Neema. Hakuna aliyezungumzia dipositi tena usiku huo.

Skani ya kichwa ilifanywa kabla saa moja haijaisha tangu wafike. Ilionyesha kwamba kiharusi chake hakikutokana na donge lililoziba mshipa, ni damu iliyovuja ndani ya ubongo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila kitu. Dawa ya kuyeyusha donge, ambayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, inaweza kumuua mtu anayevuja damu. Bila skani daktari yuko gizani. Baba Neema akaingizwa ICU presha ishushwe polepole, chini ya uangalizi.

Asubuhi kampuni ikatuma barua ya dhamana kwa hospitali: itagharamia matibabu hadi 250,000 kwa kuanzia, kiasi zaidi kikisubiri maelezo ya daktari.

Jambo jingine lilitokea usiku huo ambalo halikuonekana kubwa. Muuguzi wa mapokezi aliuliza historia ya mgonjwa, na Mama Neema akajibu kwa ukweli, kama mke yeyote angejibu mumewe akiwa amelala pale. Kwenye faili kukaandikwa: presha miaka mitatu, aliacha dawa.

Barua ya pili

Siku ya nne hospitali iliomba dhamana iongezwe, ikaambatisha nakala ya faili kama inavyotakiwa. Jioni kampuni ikajibu kwa barua ya aya mbili. Aya ya kwanza ilisema kiharusi hicho kimetokana na presha iliyokuwepo kabla ya bima kuanza, na magonjwa ya namna hiyo yana muda wa kusubiri wa miezi 12, hivyo hakuna nyongeza itakayotolewa. Aya ya pili ilisema mteja hakufichua presha kwenye fomu, na kampuni inahifadhi haki ya kuifuta bima yote.

Mama Neema aliipokea kwenye WhatsApp akiwa kwenye benchi la nje ya ICU. Alimpigia wakala. Wakala alisema atafuatilia ofisini, na kutoka siku hiyo simu yake ikawa inalia bila kupokelewa.

Maamuzi, na kwa nini

Uamuzi uliozaa matunda zaidi ulikuwa umeshafanywa hata kabla ya barua hiyo. Asubuhi ya siku ya pili, afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali alimuuliza Mama Neema, "SHA ya mzee iko aje?" Akaangalia naye kwenye simu, wakaona mume hayumo, wakamuongeza kama mtegemezi na kukamilisha uthibitisho siku hiyo hiyo. Mchango wa mwalimu ulikuwa haujakatika, kwa sababu shule yake inawasilisha makato kila mwezi. Ziko shule ambazo hukata na zisiwasilishe, na mwalimu hugundua akiwa dirishani pa hospitali. Hapa bahati ilikuwa upande wao.

Shemeji yake, kaka mkubwa wa Baba Neema, alifika kutoka Njoro siku ya tano akiwa na mapendekezo mawili. La kwanza lilikuwa mgonjwa ahamishwe hadi hospitali ya rufaa ya kaunti, ambayo watu wa Nakuru bado wanaiita PGH. Daktari alikuwa ameonya kwamba kumsukuma mtu anayevuja damu ubongoni katika siku za kwanza ni hatari. Lakini siku hiyo ya tano Baba Neema alikuwa ametoka ICU, anafungua macho, anaelewa anachoambiwa. Angeweza kuhamishwa. Familia ilikataa, kwa matumaini kwamba kampuni ingeibadilisha barua yake wiki hiyo, na kwa hofu ya kuonekana imemtelekeza. Hofu hiyo ninaielewa. Iligharimu siku nane za wodi kwa bei ya kibinafsi.

Pendekezo la pili la shemeji lilikuwa daktari aombwe arekebishe maneno ya faili. Mama Neema alimjibu mbele ya watu: "Shemeji, hayo maneno nimeyasema mimi mwenyewe. Siwezi kumgeuza daktari wa watu kuwa mwongo." Mbali na kuwa jibu la haki, lilikuwa pia la busara, kwani nakala ya faili ilikuwa tayari iko kwa kampuni, na faili mbili zinazopingana zingeifanya kampuni iifute bima palepale na kuidai hospitali irudishe ile 250,000.

Mkuu wa shule ndiye aliyewaleta kwangu. Tulikubaliana mambo yote yawe kwa maandishi, hakuna kubishana kwa simu. Tuliomba nakala ya fomu, hati kamili ya bima, na barua zote mbili. Kisha tukaiandikia kampuni, nakala kwa Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, tukisimamia hoja tatu. Kwanza, dhamana ya 250,000 ilitolewa na hospitali ikaitegemea, kwa hiyo haiwezi kurudishwa nyuma. Pili, fomu ilijazwa na wakala wa kampuni yenyewe bila kuuliza maswali, na miwani kwenye picha ndiyo ushahidi wa wazi. Tatu, daktari aliandika kwamba vipimo vya siku ya kulazwa vilimkuta pia na kisukari ambacho hakikuwahi kugunduliwa, kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba kila sehemu ya ugonjwa ule ilikuwa inajulikana na mgonjwa Novemba.

Hatukudai kwamba Baba Neema hakuijua presha yake. Aliijua.

Matokeo

Bili ya siku 12 ilifika 640,000: siku nne za ICU na nane za wodi, pamoja na skani mbili. SHA ilihesabu siku tatu za ICU kwa 28,000 kila moja, kuanzia siku ya pili alipoongezwa, na siku nane za wodi kwa 3,360 kila moja. Jumla 110,880. Kampuni ikalipa 250,000 ya barua ya kwanza. Zikabaki 279,120.

Harambee ya ndugu, kanisa na walimu wenzake ilileta 90,000. SACCO ikampa Mama Neema mkopo wa dharura wa 60,000. Hospitali ilitaka mgonjwa asubiri hadi salio lipatikane. Hapa ilisaidia kujua kwamba Mahakama Kuu ilishaamua, katika kesi ya akina mama wa Pumwani ya 2015, kwamba kumzuia mgonjwa hospitalini kwa sababu ya deni ni kinyume cha sheria. Deni linadaiwa kama deni lingine lolote. Hatukwenda kwa vitisho. Mama Neema aliomba kuonana na mkuu wa fedha, akaeleza, wakaandikiana mkataba wa kulipa 129,120 polepole. Baba Neema akaenda nyumbani akiburuta mguu wa kulia, lakini anaongea.

Baada ya wiki kadhaa kampuni ilijibu malalamiko. Haitaifuta bima. Haitadai ile 250,000. Kuhusu nyongeza, inashikilia muda wa kusubiri, ila kwa hisani italipa 100,000 zaidi bila kukubali kosa. Tulipendekeza wakubali, kwa kuwa hoja ya miezi 12 ilikuwa imeandikwa wazi kwenye hati na sikuona njia ya kuipindua. Zikabaki 29,120, ambazo duka lilizimaliza kidogo kidogo.

Novemba, wakati wa kuhuisha, barua nyingine ilikuja. Ada mpya ilikuwa 138,000. Presha, kiharusi, kisukari na chochote kitakachotokana navyo havitalipiwa kwa Baba Neema, bila ukomo wa muda.

Uchambuzi

Tuanze na hesabu, kwa sababu hasira ya familia iliifunika. Walilipa 100,490 na kampuni ikatoa 350,000 kwa ugonjwa huu mmoja. Anayesema hawakupata kitu hasemi kweli. Na thamani kubwa zaidi haimo hata kwenye 350,000. Iko kwenye ile saa moja ya usiku wa kwanza, ambapo gumba lilisomwa na mlango wa skani ukafunguka bila mtu kutafuta 100,000 usiku. Kwa familia ya kipato chao, hiyo ndiyo kazi ambayo bima ya kibinafsi iliifanya na ambayo hakuna kingine kingeifanya kwa haraka ile katika hospitali ile.

Sasa upande wa pili. Mama Neema hukatwa 12,540 kwa mwaka, na kwa pesa hizo SHA ilitoa 110,880 bila kuuliza kama mumewe aliwahi kuwa na presha. Hii ndiyo tofauti ya msingi kati ya bima hizi mbili, na watu wengi huisahau wanapolalamikia makato. Bima ya umma inamchukua kila mtu jinsi alivyo. Udhaifu wake katika kisa hiki ulikuwa bei: shilingi 3,360 za wodi kwa siku hazikaribii bei ya wodi ya hospitali ya kibinafsi, na anayebaki ndani anaibeba tofauti yote mwenyewe. Kwa hiyo SHA ingetosha zaidi kama wangehamia hospitali ya kaunti siku ya tano, mara tu daktari alipoona anaweza kusafiri. Kulingana na bili, siku zile nane ndizo zilizozaa sehemu kubwa ya deni lao. Kadi ya kibinafsi huwafanya watu wajisikie kwamba kuondoka hospitali ya kibinafsi ni kushindwa. Barua ya pili ilikuwa imeshawaambia kwamba kadi haipo tena, na walipaswa kuisoma hivyo.

Kuhusu ule uongo wa fomu, kuna jambo ambalo nataka lieleweke vizuri. Kama Baba Neema angeandika ndiyo kwenye swali la presha, kampuni isingelipa nyongeza Mei 2025 vilevile. Muda wa kusubiri wa miezi 12 ungekuwa pale pale. Uongo haukumletea nyongeza hiyo, na ukweli usingemletea mwaka huo. Lakini ukweli ungemletea barua mwezi Novemba 2024 iliyosema kwa maandishi: presha yako hatuilipii mpaka mwaka uishe, na baada ya hapo tunailipia hadi kikomo fulani. Hati yao ilikuwa na kikomo hicho, 300,000 kwa magonjwa ya awali, ndani ya ile milioni moja iliyotajwa kwa sauti kubwa siku ya mauzo. Mtu aliyepata barua kama hiyo mkononi anajua kwamba kwa presha yake ana SHA tu. Mama Neema angemwandika mumewe kama mtegemezi Novemba hiyo badala ya kumwandika akiwa ICU, na pengine Baba Neema angerudi kliniki kwa dawa ambazo ni za bei nafuu. Wakala aliponyamazisha swali lile, alizima taarifa pekee ambayo ingebadilisha matendo ya familia hii.

Kampuni nayo isiponyoke hapa. Iliipokea fomu yenye alama zilizoteremka kama mstari mmoja, ikapokea picha ya mtu mwenye miwani juu ya jibu la hapana, ikachukua ada bila kupiga hata simu moja. Uchunguzi wake ulianza siku ya nne ya ICU. Kwenye soko letu hili ndilo jambo linalonikera kuliko yote: kampuni husoma fomu kwa makini siku ya madai, si siku ya kuuza. Sheria ya bima inamtaka mteja awe na nia njema kabisa, na ni sawa, lakini nia njema ni ya pande zote mbili, na kampuni inayochukua ada kwa fomu isiyosomwa haijatimiza upande wake.

Upande wa matibabu ya nje unastahili maneno machache tu. Walilipa 52,000 ili wawe na kikomo cha 100,000, na mwaka mzima walitumia takriban 31,000 kwa homa za watoto na meno ya Mama Neema. Homa ya mtoto si janga la kumfilisi mtu. Kulipia kitu unachojua kitakuja, kupitia kampuni inayojilipa gharama zake humo humo, ni kulipa mapema kwa bei ya juu. Zile 52,000 zingewekwa SACCO, zingekuwepo zote usiku ule.

Kuhuisha ndiko kunakoonyesha mpaka wa kweli wa bima ya mtu binafsi. Mkataba ni wa mwaka mmoja. Kampuni inakubeba mwaka unaougua, na mwaka unaofuata inakutazama upya ukiwa mtu mwingine. Baba Neema mwenye kiharusi ndiye hasa anayehitaji bima, na ndiye hasa aliyetolewa nje yake. Na hata kampuni yenyewe si ya milele. Aprili 2022 kampuni moja iliyojulikana kwa bima ya afya iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria, na kadi zikakoma kufanya kazi zikiwa mifukoni mwa watu waliokuwa wamelipa.

Bima ya kikundi haiko hivyo kabisa. Kampuni ikimchukua mwajiri na wafanyakazi wake wote pamoja, hatari inagawanyika, na mara nyingi inakubali magonjwa ya awali tangu siku ya kwanza hadi kikomo kinachotajwa. Mwalimu mwenzake Mama Neema wa shule nyingine hapa mjini, mume wake ana kisukari, analindwa kwa njia hiyo na hajajaza jedwali la ndiyo na hapana. Ndiyo maana kwa wenye biashara ndogo, shule na vyama vilivyosajiliwa, ninapendelea waulize bei ya kikundi kwanza kabla mtu mmoja mmoja hajaenda kununua yake.

Familia iliikataa ile ya 138,000. Walinunua upande wa kulazwa peke yake kwa ajili ya Mama Neema na watoto, na safari hii Mama Neema aliijaza fomu kwa mkono wake, miwani na yote, akaomba nakala yenye mhuri kabla ya kulipa. Baba Neema yuko chini ya SHA ya mkewe, na presha na sukari anapimwa kwenye kliniki ya hospitali ya kaunti, anakokwenda pia kwa mazoezi ya mkono. Ameanza tena kukaa dukani saa za asubuhi.

Mkuu wa shule naye ameomba bei za kikundi kwa wafanyakazi wote na wenzi wao. Kampuni mbili zimejibu. Moja ni nafuu zaidi, lakini mkataba wake unasema magonjwa ya awali yatalipiwa "kwa hiari ya kampuni". Bodi imerudisha karatasi hiyo ikitaka maneno hayo manne yafutwe na kiasi cha shilingi kiandikwe mahali pake.